Hata ni hasta

Mjomba wangu wa Tanga aliposikia nasomea Kihispania chuo kikuu, aliuliza swali moja tu: "Utakwenda kutembeza watalii Nungwi?" Nikamjibu, labda, Mjomba. Akaridhika. Nilipoongeza kwamba lugha yenyewe ni sehemu ndogo ya masomo, na kilichobaki ni mashairi, riwaya, wafalme na vita vya watu waliokufa zamani, alinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sina ugomvi na Mjomba. Anajua bei ya nazi, anajua ada ni kiasi gani, na kuuliza ni haki yake. Ugomvi wangu ni na sisi wenyewe tunaotoka pwani kwenda kusoma fasihi na historia ya Wahispania, pamoja na wanaotusomesha. Tunaingia darasani kama wageni kwenye nyumba ya watu: tunavua viatu mlangoni, tunakalia ukingo wa kiti, tunasifia kila tunachoonyeshwa. Mimi nilikaa hivyo mwaka mzima, katika chuo kimoja cha Andalusia, kusini mwa Hispania, nikiamini kwamba wenzangu wa Ulaya wamezaliwa na ufunguo na mimi nimekuja kubisha hodi.

Kilichoniamsha ni neno hasta. Kila anayeanza Kihispania analijua: hasta mañana, hasta luego. Siku moja mhadhiri akasema, kwa kupitia tu, kwamba limetokana na hatta ya Kiarabu. Nikaacha kuandika. Hata! Bibi yangu mpaka leo husema "alikaa pale hata magharibi", akiwa na maana ileile ya mpaka.

Basi nikaanza kuwinda. Fulano ni fulani. Azúcar ni sukari. Aceituna ni zeituni. Alcalde, yaani meya, ni kadhi aliyebadilisha kazi. Mezquino ni maskini, ila Wahispania wamemgeuza akawa bahili. Rehén ni rehani, ila kwao kinachowekwa rehani si shamba wala bangili ya dhahabu, ni mtu: rehén ni mateka. Hapo ndipo nilipopata adabu kidogo, maana nilikuwa nimeanza kuwatangazia watu kwamba Kihispania na Kiswahili ni ndugu. Si ndugu. Tukitaka sana undugu, tuseme ni ndugu wa kunyonya: maziwa yaleyale, damu mbali.

Lakini maneno ni vitafunio tu. Mlo wenyewe nilikutana nao mwaka wa pili, kwenye somo la historia ya karne ya 16. Mhadhiri alitupia ukutani picha ya ukurasa wa mswada wa zamani, herufi za Kiarabu toka juu hadi chini. Wenzangu wakaweka kalamu. Mimi nilipitia chuoni, chuo kile cha kwanza, cha mkeka na bakora, ambako hutoki kabla hujajua kuunganisha irabu. Nikaanza kusoma kwa sauti, taratibu, herufi moja baada ya nyingine. Kilichonitoka mdomoni hakikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kihispania.

Maandishi yale yanaitwa aljamía. Waliyaandika Wamorisko, Waislamu wa Hispania na wajukuu wao waliolazimishwa kubatizwa baada ya Granada, dola ya mwisho ya Waislamu huko, kuanguka mwaka 1492. Wengi wao, hasa kule Aragon, walikuwa wameshakisahau Kiarabu. Nyumbani walizungumza lugha ya jirani zao. Ila herufi hawakuziacha. Mwaka 1567 Mfalme Felipe II akapiga marufuku Kiarabu huko Granada, kukisema na kukiandika, na kati ya 1609 na 1614 Wamorisko wakafukuzwa nchini kabisa. Vitabu vikafichwa. Mwaka 1884, katika kijiji cha Almonacid de la Sierra, mafundi waliokuwa wakibomoa nyumba kuukuu walikuta shehena ya miswada imelala chini ya sakafu ya bandia.

Sasa tazama kazi ya mwandishi wa ukurasa ule. Kiarabu hakina p, kwa hiyo aliandika be akaiwekea shada, alama ya kukaza herufi. Hakina e, kwa hiyo aliweka fataha, alama ya a, akaifuatisha alifu. Waandishi wetu wa Lamu, Pate na Mombasa, walipoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, walikumbana na tabu hiyohiyo, na wengi wao hawakujisumbua sana: kasra ilibeba i na e kwa pamoja, dhuma ikabeba u na o, na msomaji akaachiwa kukisia. Mhadhiri aliniita ubaoni nieleze. Nikaandika neno pepo kwa mtindo wa zamani, nikawaambia: asiyejua Kiswahili hapa atasoma bibu. Darasa likacheka. Mhadhiri hakucheka, alitoa daftari akanakili. Tangu siku ile nimekaa kwenye kiti kizima.

Baada ya hapo hata Don Quijote, riwaya ya Miguel de Cervantes ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1605, niliisoma kwa macho mengine. Katika sura ya 9 msimuliaji yuko sokoni Toledo, anaona kijana anauza makaratasi ya Kiarabu, anamtafuta Mmorisko amsomee, na kumbe ni hadithi yenyewe ya Don Quijote. Mmorisko anafungua, anasoma kidogo, anacheka. Anacheka nini? Pembeni pameandikwa kwamba Dulcinea, mwanamke anayeabudiwa na Don Quijote na kutajwa kila mara, hana mpinzani katika La Mancha nzima kwa kutia nyama ya nguruwe chumvi. Wenzangu walipita hapo bila kusimama. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa kwa nini Mmorisko, kati ya watu wote, anacheka hapo. Halafu wanapatana ujira wa kuyatafsiri yote: arroba mbili za zabibu kavu, kama kilo 23, na faneka mbili za ngano, na kwa muda wa mwezi mmoja na nusu hivi kazi imekwisha. Mfasiri wa kitabu kinachosifiwa kuliko vyote vya Kihispania alilipwa zabibu! Wanaonilipa mimi kwa kutafsiri vyeti vya ndoa wasilione hili.

Mwandishi wa kubuni wa makaratasi yale anaitwa Cide Hamete Benengeli, na Cide ni Sidi tu, yaani bwana. Katika sehemu ya pili, ya mwaka 1615, Sancho, mtumishi wa Don Quijote, anakosea jina anamwita Berenjena, ambayo ni biringani. Na Cervantes aliyebuni utani huu alikuwa amekaa Algiers mateka miaka mitano, 1575 hadi 1580, akisubiri kukombolewa kwa fedha. Rehani, kwa maana yao.

Ndiyo maana nikisikia vyuo vinataka kupunguza fasihi na historia vibakishe "Kihispania cha biashara", nauliza huyo mhitimu atamwambia nini mteja zaidi ya bei. Anayejua lugha bila kujua watu wake anajua kuagiza chakula.

Ila kuna jambo sijawasamehe walimu wangu. Miaka minne, na nchi ya Afrika yenye Kihispania kama lugha rasmi ilipewa kipindi kimoja, wiki ya mwisho, wakati watu wameshaanza kufunga mizigo. Guinea ya Ikweta ilipata uhuru tarehe 12 Oktoba 1968, tarehe ambayo Hispania husherehekea kufika kwa Columbus Amerika. Ina washairi, ina waandishi wa riwaya. Tulipewa majina matatu kwenye karatasi moja na kuambiwa, kwa anayependa. Argentina, Meksiko, Kolombia zilikuwa na mihula yake. Afrika ilikuwa ya anayependa.

Mimi nilipenda. Nikaenda maktaba kutafuta Ekomo ya María Nsué Angüe, iliyochapishwa mwaka 1985, hadithi ya Nnanga anayetembea kijiji hadi kijiji na mume wake anayeoza mguu, wakitafuta mganga. Ilikuwa rafu ya chini kabisa, karibu na ukuta. Baadhi ya kurasa zilikuwa bado zimegandana, ikabidi nizitenganishe kwa rula. Nilikaa nayo wiki tatu. Mwaka uliofuata niliirudia, nikafungua karatasi ya mihuri iliyobandikwa nyuma nione nani mwingine ameisoma. Muhuri wa mwisho ulikuwa wangu.