Mzaha ni uleule, waliochomwa ndio wengine

Tarehe 24 Agosti 2016 tetemeko la ardhi liliubomoa mji wa Amatrice, Italia, na eneo zima likapoteza watu karibu 300. Siku chache baadaye jarida la kejeli la Ufaransa, Charlie Hebdo, likachora majeruhi waliolowa damu kama sahani za pasta, na waliofukiwa kama lazanya, yaani pasta ya kupangwa kwa tabaka, miguu ikichungulia katikati yake. Italia ikawaka. Uongozi wa mji ukapeleka malalamiko mahakamani. Miongoni mwa walioghadhibika walikuwamo waliosema "mimi ni Charlie" kuliunga mkono jarida hilo Januari 2015, watu 12 walipouawa katika shambulio dhidi yake.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Anayetetea uhuru wa mzaha unapowachoma wengine, kisha akaukana ukimgeukia yeye, ametetea upande wake tu. Hoja hii sioni pa kuikwepea. Mwaka 1972 watafiti Dolf Zillmann na Joanne Cantor waliwaonyesha watu vichekesho vya mkubwa na aliye chini yake: wanafunzi walifurahia zaidi pale wa chini alipomzidi mkubwa, na watu wazima wenye vyeo na kazi zao wakafurahia kinyume chake. Kila mmoja alicheka na wa kwake.

Hata hivyo, siwezi kumwita mnafiki aliyezika ndugu. Mimi niliye mbali naona wino kwenye karatasi. Yeye anaiona ile miguu na anajua ni ya nani. Uchungu wake umemfundisha jambo ambalo mimi silijui, na ingekuwa haki alikumbuke siku mwingine atakapolia.

Je, wenyewe wakijitania? Sigmund Freud, mchunguzi wa nafsi aliyekuwa Myahudi, aliandika mwaka 1905 kwamba Wayahudi wanapojicheka wanazijua kasoro zao halisi pamoja na uzuri wao, ilhali mizaha ya watu wa nje mara nyingi ni ukatili mtupu. Nakubaliana naye, ila mzaha haubaki chumbani. Ukitoka nje, hucheka pia yule aliyekuwa akitafuta kisingizio cha kudharau.

Linalonisumbua zaidi ni jinsi kundi linavyowabana watu wake. Kuna anayecheka wenzake wakiwa wamenuna, akaitwa msaliti. Kuna aliyeumia kimya, akacheka kwa sauti ili asiambiwe hajui utani. Hao wawili hawasikiki pande zinapoanza kurushiana maneno, na kila upande hudai kuwasemea.