Juya likichomwa, waliolivuta huenda wapi?

Kila zinapotufikia hapa Nairobi picha za nyavu zikiteketezwa ufukweni, wengi hupongeza. Marufuku ya juya la kukokota, wavu mrefu unaovutwa na kikosi cha watu hadi ufukweni, ni ya 2001, na sababu zake nazikubali. Juya hupita juu ya nyasi za bahari, mahali samaki kama tafi wanapokulia, likazoa vitoto pamoja na wazazi. Wavuvi wa malema, maskini vilevile, wamelalamika miaka mingi kwamba mitego yao huburutwa nalo. Na watafiti wamekuta samaki wakubwa zaidi katika fukwe za Kenya ambako liliondolewa. Hayo sibishani nayo.

Linaloniuma ni kwamba tunahesabu nyavu, hatuhesabu watu.

Katika kijiji kimoja cha Kwale, asubuhi moja ya kusi, msimu wa upepo mkali wa kusini, niliwahesabu wavutaji wa juya: 18. Mitumbwi ilikuwa imefungwa kwa sababu nje ya mwamba hakuendeki, ila ndani ya mwamba juya linavutika, na ndiyo maana miezi hiyo asiye na chombo cha maana hulitegemea. Nahodha hakuvuta. Alisimama maji yakimfika kifuani, macho kwenye maboya, akiukemea upande uliotangulia, kwa sababu upande mmoja ukitangulia mdomo wa wavu hupinda na samaki wakatoka. Mzee mmoja, mabega yamekwisha, alikaa mchangani akizungusha kamba kila ilipofika nchi kavu. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake yote. Wakati wa mgao lilitolewa fungu la chombo, likatolewa la wavu, kisha naye akapewa lake kama wenzake, na kitoweo juu. Mama karanga, wanawake wanaonunua samaki na kuwakaanga wauze, walikuwa wameshakaa na mabeseni yao.

Najua mgao huo hauna haki kamili. Tajiri mwenye wavu huondoka na kubwa, na hata siku hakuloa maji. Lakini tuuchome wavu ule, halafu tufuatane na wale 18. Kijana mwenye pumzi atachukua bunduki ya mshale, haramu nayo, azame peke yake kwenye matumbawe yaleyale tunayotaka kuyalinda. Mwingine atakwenda kubeba mawe mjini. Mzee je? Katika uvuvi wa mtu mmoja hakuna kamba ya kuzungusha, kwa hiyo hakuna fungu lake. Nimelirudia swali hili mara nyingi, na kila mara nafika kwake.

Kwangu, juya liondoke, kikosi kibaki. Wapewe kwa pamoja chombo kinachostahimili kusi na nyavu za kutega nje ya mwamba, ziandikwe kwa majina yao wote, si la tajiri. BMU, yaani chama cha wavuvi kinachosimamia ufuo, inawajua mmoja mmoja. Orodha hiyo iandikwe kabla kiberiti hakijawashwa, na mzungusha kamba awemo.