Diwani mkulima: palizi, bajeti na gunia la lumbesa

Kijana anayeishi kwa kilimo akishinda udiwani, maneno mawili humtangulia kabla hajaapishwa: hana uzoefu, na shamba halitampa nafasi. La kwanza ni jepesi, kwa kuwa vifungu vya bajeti hujifunzwa. La pili lina uzito.

Katika mikoa ya Tanzania yenye msimu mmoja wa mvua, kama Ruvuma na Njombe, mahindi hupandwa Novemba na Desemba. Urea ya kukuzia huwekwa mimea ikifika magotini, wiki ya nne hivi, na palizi ikichelewa magugu ndiyo yanayokula mbolea. Miezi hiyo hiyo halmashauri inaandaa bajeti ya mwaka unaoanza Julai Mosi. Mipango inatoka kijijini, inapita Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, kisha kamati za kudumu na Baraza la Madiwani. Anayekosa vikao vya Januari kwa sababu ya viwavijeshi atakuta jedwali limeshapangwa na wengine. Mfanyabiashara wa mjini hana mgongano huo wa kalenda. Tena skimu ya umwagiliaji inayojadiliwa ikipita shambani kwake, diwani huyo anatakiwa kutamka maslahi yake na kukaa kando.

Hofu nyingine, ambayo maofisa huisema kwa sauti ya chini, ni kwamba mkulima ataingia Barazani kuua ushuru wa mazao, na halmashauri nyingi za vijijini zinaishi kwa ushuru huo. Hapa ndipo anapoeleweka vibaya.

Mwaka 2017 ushuru ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula, na tangu hapo mzigo usiozidi tani moja hautozwi ukivuka kwenda halmashauri nyingine. Tani moja ni magunia 10 ya kilo 100. Sasa chukua magunia 9 ya lumbesa, yaani yaliyojazwa kupita kipimo na kushonewa kilemba juu hadi kila moja likafika kilo 120. Huo ni mzigo wa kilo 1,080. Mnunuzi amelipia magunia 9, kwa hiyo mkulima ametoa kilo 180 bure, sehemu moja ya sita ya mzigo mzima. Kwenye geti la ushuru, karani akihesabu magunia badala ya kupima, anaona kilo 900, chini ya tani moja, na mzigo wote unapita bila ushuru. Mkulima kaibiwa, halmashauri nayo kaibiwa, na aliyefaidi ni mtu mmoja.

Hasara hiyo inarudi kwa vijana wenyewe. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kila shilingi milioni moja isiyokusanywa ni shilingi 40,000 ambazo kikundi cha vijana hakitaziona. Mfanyabiashara wa mazao akiwa diwani hana haraka ya kulisema hilo. Aliyewahi kushika gunia upande wa kuuza analo ulimini.

Akiahidi jukwaani kufuta ushuru, kadanganya. Sheria ndogo haibadilishwi kwa mkono wa diwani: lazima itangazwe kwa wananchi, ipitishwe na Baraza, iidhinishwe na waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), kisha itoke kwenye Gazeti la Serikali. Msimu unaweza kupita kabla haijafika huko. Kuweka mizani kwenye vituo vya kununulia mazao ni kazi nyingine kabisa. Hiyo ni kasma, yaani fungu la matumizi, ndani ya bajeti, pamoja na fedha ya kuihakiki kwa Wakala wa Vipimo kila mwaka, kwa sababu mizani isiyohakikiwa mnunuzi ataikataa siku ya kwanza. Ombi la mizani hiyo linaanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji, na linatakiwa liwe limefika kata kabla mvua za kupandia hazijakolea.