Viwanja vidogo vya barafu vimenifanya niyaangalie upya maghala yetu ya korosho

Mi msimamo wangu nausema mapema, na nawalenga watu wa Mtwara na Lindi wanaopata safari za masomo au za kikazi kwenda nchi za baridi: mkifika huko msiishie kupiga picha nje ya vile viwanja vikubwa vinavyoonekana kwenye TV, tafuteni kiwanja cha barafu cha mtaani, kile cha manispaa, ingieni jioni ya siku ya kawaida watoto wakiwa mazoezini, kaeni saa nzima mtazame. Kuna kitu pale kinatuhusu sana watu wa Kusini, na wala si barafu yenyewe.

Tampere, Ufini, nilikosoma, kuna ukumbi mpya mkubwa unaitwa Nokia Arena, ulifunguliwa Desemba 2021, mzuri, sina neno nao. Lakini mji huohuo una Hakametsä, wa mwaka 1965, ukumbi wa kwanza wa barafu wa ndani kwa nchi nzima, na pembeni ya hapo mtaa kwa mtaa kuna viwanja vingine vidogo ambavyo hakuna mgeni anayeambiwa avitembelee. Huko ndo nilikuwa napenda kwenda. Ukisukuma mlango tu unapokelewa na harufu, raba ya sakafuni, jasho la glavu, kahawa ya kantini, vyote kwa pamoja, halafu baridi inakukamata pua. Chini wametandika mikeka ya raba ili vyuma vya viatu visiharibike mtu akitembea. Kwenye mabenchi wazazi wameinama wanawafunga watoto kamba za viatu, na zile kamba zinavutwa kwa nguvu kweli maana kiatu kikilegea kifundo cha mguu kinaumia, na ukikaa hapo dakika kumi tu utajua nani mzazi mpya na nani mzoefu.

Ila kitu cha kukiangalia kwa makini ni ratiba ukutani. Saa hii watoto wadogo wanaojifunza kusimama, saa inayofuata timu ya wasichana, halafu wale wa kucheza dansi kwenye barafu, halafu timu ya vijana, usiku kabisa watu wazima waliotoka kazini ambao hawana ndoto ya ubingwa wowote wanataka kutoa jasho tu, na katikati yake kuna saa za wote, yaani yeyote aingie, kama huna viatu unakodi palepale kwa hela ndogo. Jengo moja, barafu moja, na mji mzima unagawana masaa. Kugombania hayo masaa kupo pia, kuna timu zinapangiwa alfajiri kabla ya shule na wazazi wanalalamika, wasichana walilazimika kupigania nafasi zao nchi nyingi sana, lakini ugomvi unafanyika mezani kwa ratiba, haufanyiki kwa kufuli. Nchi ile ina watu milioni tano na nusu hivi, karibu sawa na Mkoa wa Dar es Salaam peke yake kwa sensa ya 2022, na wamechukua ubingwa wa dunia wa mpira wa magongo wa barafuni 1995, 2011, 2019 na 2022, na dhahabu ya Olimpiki Beijing hiyohiyo 2022, na wanawake wao walipata shaba Nagano 1998, mara ya kwanza kabisa wanawake kucheza mchezo huu kwenye Olimpiki. Mi naamini kabisa hizo medali zimeanzia kwenye zile ratiba za ukutani.

Sasa barafu inatengenezwaje, maana hili naulizwa sana nikiwa feri, kwenye soko la samaki, na wanaojua barafu ya samaki ndo wanaouliza zaidi. Chini kuna sakafu ya zege imelazwa mabomba, ndani ya mabomba yanapita maji ya chumvi yaliyopozwa na mitambo mpaka chini ya sifuri, chumvi ndo inayoyazuia yasigande. Juu ya zege wanamwaga maji kidogokidogo, tabaka juu ya tabaka, katikati wanapaka rangi nyeupe na mistari, mpaka inafika unene wa sentimita tatu au nne tu. Basi. Watu wanadhani ni futi nzima ya barafu. Kiwanja cha kimataifa ni kama mita 60 kwa 30, na barafu ya kuchezea magongo inawekwa kwenye nyuzi tano au sita chini ya sifuri. Kila baada ya kipindi linapita gari la kukwangua, linachuna juu, linaosha, linaacha maji ya moto nyuma yake, na ndiyo, ya moto, kwa sababu yanayeyusha kidogo uso wa zamani na yakiganda yanashikana vizuri na kubaki laini. Aliyebuni gari hilo ni Frank Zamboni wa Paramount, California, mwaka 1949, na familia yake walikuwa wauza barafu za mabonge, friji zilipoingia majumbani biashara ikadorora, wakageukia kujenga kiwanja cha kuteleza. Kabla ya gari lake kazi hiyo ilikuwa ya watu watatu au wanne kwa zaidi ya saa nzima, gari likaja kuimaliza kwa kama dakika kumi. Muuza barafu wa feri akisikia hiyo habari anaielewa kuliko profesa.

Kwa wasiofika Ulaya, Nairobi ni karibu. Hoteli ya Panari, Barabara ya Mombasa, wana kiwanja cha barafu tangu 2005, kidogo kuliko kiwanja rasmi, na hapo ndipo walipoanzia Ice Lions, timu ya Kenya ya magongo ya barafuni. Vijana wale 2018 walipelekwa Toronto wakacheza upande mmoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, nyota wakubwa wa mchezo huo kutoka Kanada, na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo. Nimefika, nimeteleza, nawaheshimu sana. Ila pale ni hotelini, na kitu cha hotelini mtoto wa mtaani anakifikia kwa bahati au kwa msamaria, hiyo ndo tofauti na kile kibanda cha manispaa chenye ratiba ukutani. Wale vijana wamefika mbali kwa juhudi zao, wangekuwa na kiwanja chao cha mtaa sijui wangekuwa wapi sasa hivi.

Sisemi Mtwara tujenge kiwanja cha barafu. Umeme wa kupoza zege usiku na mchana kwa joto letu ni hela ambayo ningependa iende kwenye wodi za wazazi kwanza. Ninachotaka ni hiki kinachofuata, na hapa nawaomba mnisikilize vizuri.

Kanada wakati wa joto kumbi nyingi zinazimwa mitambo, barafu inayeyushwa, inabaki sakafu ya zege na paa. Miaka ya 1930 wenye kumbi waliona hasara ya majengo kukaa bure, wakauchukua mchezo wa lakrosi, ule wa kurushiana mpira kwa fimbo zenye wavu, uliokuwa unachezwa kwenye majani, mchezo wa asili wa wenyeji wa kule, wakauingiza ndani kwenye hiyo sakafu kavu, ukawa mchezo kamili unaochezwa mpaka leo. Yaani mchezo mzima umezaliwa kwa sababu kulikuwa na jengo tupu.

Sisi majengo matupu tunayo. Nenda Tandahimba, Newala, Masasi, Nanyumbu, njoo Mtwara mjini, zunguka Ruangwa na Nachingwea, utakuta maghala, sakafu ya saruji iliyosawazishwa vizuri, paa la bati, kuta, mlango mpana wa kuingiza lori. Msimu wa korosho unaanza Oktoba, minada inaenda mpaka huko Januari hivi, ufuta unaingia Juni, mbaazi zinafuatia. Kuanzia Februari mpaka Mei mengi yanapigwa kufuli. Na Februari mpaka Aprili ndo mvua zetu zenyewe, viwanja vya mpira vinageuka matope, watoto wanashinda barazani wanaangalia maji, na mtu wa Mtwara hahitaji kuelezwa mvua ya Machi ikoje.

Magongo hayahitaji barafu. Kule Kanada watoto wanacheza barabarani na raba miguuni, mpira wa tenisi, magoli mawili ya mbao, basi. Sakafu ya ghala inatosha. Magongo maseremala wetu wanayachonga, viatu vya magurudumu vinapatikana kwenye mitumba, vikinunuliwa jozi chache vikakaa kwenye shelfu pale ghalani vya kukodishana kama nilivyoona kule, watoto wengi watavitumia kwa zamu. Na nchi yetu magongo si mageni, Tanzania tulikuwepo Moscow 1980 kwenye mpira wa magongo wa uwanjani, tulifungwa sana, India walitupiga 18 bila, lakini tulikuwepo Olimpiki jamani, na vijana wengi wa leo hata hawajawahi kuambiwa.

Mjomba wangu ni mwanachama wa chama cha msingi, na ujanani alikuwa fundi bomba kwenye mradi wa maji wa Wafini, ule ulioanza miaka ya 1970 huku kwetu, kwa hiyo Wafini anawajua. Nilivyomwambia hili wazo akaweka kikombe chini.

"Mpwa wangu, ghala ni la wakulima. Bati likitoboka na mpira wenu nani analipa?"

"Mjomba, mpira wa tenisi hautoboi bati."

"Sawa. Na salfa?"

Na hapo yuko sahihi kabisa, simbishii. Maghala mengine yanahifadhi pembejeo, na ghala lililolala salfa, ule unga wa kupulizia mikorosho, au dawa nyingine za kupulizia, mtoto asikanyage, hata likioshwa, hayo yatolewe kwenye hesabu tangu mwanzo. Yabaki yale ya mazao peke yake, yapigwe deki, vumbi litoke, milango miwili ifunguliwe hewa ipite. Suala la funguo nalo lisimamiwe na chama chenyewe, mtu mmoja ajulikane kwa jina, kitabu cha kusaini kiwepo, na tarehe ya mwisho iandikwe mapema, ufuta ukikaribia magoli yanatoka bila mjadala maana mkulima ndo mwenye jengo. Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akauliza watoto wangeingia saa ngapi na wasichana wangepewa siku gani, na nikaona hapo tayari anapanga ratiba.

Akasema hili linahitaji mkutano mkuu wa wanachama, haliwezi kuamuliwa na katibu peke yake ofisini, na kwamba likiletwa liletwe kwa maandishi, na ghala moja tu la majaribio, lililo karibu na shule ili walimu waweze kuvuka na watoto kwa miguu. Ninaandika hiyo barua wiki hii. Kama wewe ni mwanachama Newala, Masasi au Ruangwa na ghala lenu linakaa tupu hiyo miezi, liulize kwenye mkutano wenu, na uanze na swali la salfa kabla hujaulizwa.