Mkasi una nyumba yake, chungu hakina

Ukizunguka magofu ya Gede, pale karibu na Watamu, pwani ya Kenya, utaona nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa ndani yake. Nyumba ya Mkasi. Nyumba ya Taa ya Chuma. Nyumba ya Ushanga wa Venice. Wenyewe hawakuziita hivyo. Majina yalikuja na uchimbaji wa James Kirkman, Mwingereza aliyeanza kazi pale mwaka 1948. Nayapenda, maana ukisikia mkasi unamwona mtu anakata kitambaa. Lakini sijakutana na Nyumba ya Chungu.

Na vyungu ndivyo tele! Chimba mji wowote wa kale wa pwani hii: vigae vya Uchina, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika, utavipata, ila vya udongo wa hapahapa vitakujazia makarai.

Kitabu cha Kirkman cha mwaka 1954 kiliuita Gede mji wa Waarabu. Ukishaanza hivyo, jicho litatafuta kilichoshuka jahazini tu. Watafiti waliofuata waliliacha jina hilo: Gede ni mji wa Waswahili, watu wa hapa waliojenga kwa matumbawe na chokaa, wakaswali na kuzikana hapa. Kaburi moja limeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 UNESCO ikauingiza mji huo katika urithi wa dunia. Bado wageni wengi tukiingia kwenye jumba dogo la makumbusho tunakimbilia bakuli la Kichina. Nasema tunakimbilia, kwa sababu na mimi nimo.

Aliyenigeuza shingo ni shangazi yangu, aliyepikia chungu tangu usichana wake. Bakuli alilitupia jicho moja tu, akaenda kuinama mbele ya chungu chenye mdomo uliomeguka.

"Hiki kimepikiwa sana," akasema. "Huoni masizi yamepanda ubavu mmoja? Jikoni kwao upepo ulikuwa unaingia upande huu."

Akaendelea na shingo ya chungu, na michoro iliyochorwa udongo ukiwa bado mbichi, akikunja kidole hewani kuonyesha mkono ulivyopita. Nikamweleza habari za fingo, chungu kilichofukiwa ndani ya nyumba kikiwa na dawa ya kuilinda. Akanitazama kama mtu anayeelekezwa njia ya kwao.

Ndiyo maana nasema wafinyanzi na wapishi wa vijiji vya jirani waitwe, wakalishwe mbele ya vigae hivyo, na wanayoyasema yaandikwe kando ya kila chungu, Kiswahili kikitangulia na Kigiriama kikifuata. Na walipwe kama wanavyolipwa wataalamu wengine. Siku ile shangazi alifanya kazi ya saa nzima, na tiketi alikata mwenyewe.