Viza ya mwekezaji: swali la faida lije mwisho

Wenye uwezo hapa Arusha wakizungumzia viza ya mwekezaji ya Marekani, ile EB-5 inayompa mtu ukaazi wa kudumu kwa kuwekeza kule, huanza na faida: mradi huu unalipa asilimia ngapi, ule ngapi. Kwangu mimi faida ni swali la mwisho. La kwanza ni hili: mradi ukianguka, nani analipwa kabla yangu?

Njia ni mbili. Ufungue biashara yako kule na kuajiri watu kumi wa muda wote, au uweke pesa kupitia kituo cha kanda, ambako wawekezaji wengi huchangia mradi mmoja, tuseme hoteli, na hata ajira zinazozaliwa pembeni huhesabiwa katika zile kumi. Tangu sheria ya Machi 2022 kiwango cha chini cha kuwekeza ni dola 1,050,000, au 800,000 kwa maeneo ya vijijini na yenye ukosefu mkubwa wa ajira. Viza ya E-2, yenye mtaji mdogo zaidi, haituhusu. Hiyo ni ya raia wa nchi zenye mkataba maalumu na Marekani, na Tanzania haina mkataba huo.

Mwenye kampuni ya utalii Njiro, ambaye hana nia ya kuiacha, kituo cha kanda ndicho kinachomfaa. Ningemshauri achukue mradi wa kijijini: maombi yake hupewa kipaumbele, na asilimia 20 ya viza hizo zimetengwa kwa miradi ya aina hiyo.

Ila asome mkataba mwenyewe. Mara nyingi pesa ya wawekezaji hukopeshwa kwa mjenzi, na benki iliyomkopesha mjenzi huyohuyo hulipwa kwanza. Dalali akiahidi kwa maandishi kwamba mtaji utarudi hata iweje, akimbiwe. Sheria inataka pesa iwe katika hatari ya kweli, na ahadi ya namna hiyo inaweza kukunyima viza. Wala jina la serikali lisimtulize mtu. Mwaka 2016 wenye Jay Peak, hoteli za michezo ya theluji Vermont, walishtakiwa kwa kutumia vibaya zaidi ya dola milioni 200 za wawekezaji, na kituo chao cha kanda kilikuwa chini ya jimbo lenyewe.

Linaloniumiza zaidi ni karatasi. Marekani hutaka kujua kila dola ilitoka wapi. Huku kwetu mtu amefanya biashara ya tanzanite miaka mingi, halali kabisa, lakini mawe mengi yalilipwa taslimu, mkono kwa mkono. Kiwanja kiliuzwa mbele ya mashahidi wawili, bila pesa kupita benki wala kodi kulipwa TRA. Mali ni yake, jasho ni lake, ushahidi hana. Mtu huyo akimpelekea dalali ada kabla ya kukaa na mhasibu wake, anaweza kuipoteza bure. Aanze na leseni, risiti za soko la madini na taarifa za benki, mwaka hadi mwaka. Akiona pengo lisilozibika, atumie pesa nyingine yenye historia kamili, hata kama ni mkopo wa benki uliowekewa dhamana ya nyumba yake mwenyewe.