Piyesi za bastola ya mashindano na hesabu iliyonigeuka

Lubumbashi ni mji wa piyesi, yaani vipuri. Ingia kutoka Kasumbalesa na gari linalokohoa, na kabla jua halijazama utakuwa umeshapata watu watatu wa kukuambia kipi kimekufa, kinauzwa wapi, na kwa nini usithubutu kununua kile kisicho cha orijini. Imani hiyo nimekulia ndani yake. Baba yangu mdogo alikuwa na garaji Kamalondo, na kila mteja aliyeleta kipuri cha kampuni nyingine alisomewa maneno yale yale: aliyeunda gari hili alikaa miaka akifikiri, wewe umekaa dakika tano.

Kwa hiyo ubishi wa bastola za mashindano uliponifikia, nilikuwa na upande kabla sijasikia hoja.

Mtu ana bastola ya mchezo wa shabaha, nzima, kama ilivyotoka kiwandani. Anaifungua. Anatoa springi, anabadilisha kifyatulio, kile kinachovutwa na kidole, na vile vyuma vidogo vinavyokiunganisha na nyundo au pini ya kugonga, pengine hata mtutu, na mahali pake anaweka vya watengenezaji wengine. Je, anaongeza pointi, au amejinunulia hadithi ya kuwasimulia wenzake? Kwetu hapa ni ubishi wa kwenye simu na wa mezani tu, maana silaha za raia zinatawaliwa na sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na bila kibali hakuna mchezo. Mimi niliambukizwa na Mwafrika Kusini niliyefanya naye kazi machimboni upande wa Kolwezi. Kila likizo alikuwa akirudi kwao kushindana katika IPSC, mchezo ambao mpigaji anakimbia kutoka shabaha hadi shabaha huku saa ikimhesabu. Mashindano ya dunia ya 2025 yalipofanyika Matlosana, nchini kwake, simu yangu ilijaa video na mabishano.

Wanaosema usiguse kitu wana hoja nzito, na nitawapa haki yao. Bastola ni mfumo. Springi inayorudisha gamba la juu (kile chuma kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka), nguvu ya risasi, uzito wa gamba lenyewe na ugumu wa springi ya nyundo vimepimwa vikiwa pamoja. Punguza kimoja ili mkono upate raha, kingine kitadai chake. Springi ya nyundo ikilegezwa, kifyatulio kinakuwa laini, lakini nyundo nayo inagonga kwa unyonge. Sasa nyuma ya ganda la risasi kuna kile kibati kidogo kinachowaka kikigongwa, na vibati havilingani: vingine laini, vingine vigumu. Mpigaji wa Marekani anachagua sanduku la risasi zenye vibati laini anazozipenda. Mpigaji wa Afrika mara nyingi anapiga zile alizozikuta dukani. Hapo ndipo unasikia "tik" mahali palipostahili mlio, na saa haisimami kukusubiri.

Pia wanayo picha yao. Kila nikifungua simu namkuta Yusuf Dikeç, Mturuki wa miaka 51, aliyesimama Paris 2024 mkono mmoja mfukoni, miwani yake ya kila siku usoni, akaondoka na medali ya fedha ya timu za mwanamume na mwanamke katika bastola ya hewa ya mita 10 pamoja na Şevval İlayda Tarhan. Chini ya picha watu huandika: mnaona, vifaa si kitu. Jamani. Alichokiacha nyumbani mzee huyo ni miwani maalumu na vifuniko vya macho. Bastola za mchezo ule huzaliwa kwa kazi ile moja, na kanuni za ISSF, shirikisho la kimataifa la mchezo wa shabaha, zinaruhusu nguvu ya kuvuta kifyatulio ishuke hadi gramu 500. Kazi ambayo mwenzangu anamlipa fundi kwa ajili yake, kiwanda kilikwisha kuimaliza kabla bastola haijatiwa kwenye boksi.

Hapo ndipo nilipoanza kuteleza kutoka upande wangu. Chukua Glock 17, bastola ya kawaida kabisa. Bila magazini, yaani kisanduku cha risasi, ina uzito wa gramu 630 hivi, na kifyatulio chake cha kiwandani kinataka nguvu ya kilo 2.5 hivi. Yaani unavuta sehemu ya kitu kwa nguvu ya karibu mara nne ya uzito wa kitu kizima, kisha unataka kitu hicho kitulie. Jaribu na simu yako: ishike kwa mkono mmoja, uibonyeze pembeni kwa kidole kimoja kwa nguvu ya kubeba lita mbili na nusu za maji, na uangalie kama haitikisiki.

Mtikisiko huo unapimika. Kati ya alama ya nyuma na ya mbele ya kulengea kuna milimita 165 hivi. Alama ya mbele ikisogea milimita 1 tu wakati kidole kinamalizia kuvuta, kwenye shabaha ya mita 25 risasi inakwenda sentimita 15 pembeni. Milimita moja! Kwenye karatasi ya ISSF ya umbali huo huo, ile ya upigaji wa taratibu, duara la pointi 10 lina upana wa milimita 50. Ukiona mtu anaweka mtutu wa bei kubwa ili kuokoa sentimita moja au mbili, huku kidole chake kinatupa 15, unajua fedha imeingia mlango usio wake. Kwa mtutu nabaki na baba yangu mdogo: kwa bastola ya kisasa iliyo nzima, kwa umbali wa shabaha nyingi za IPSC, wa kiwandani unatosha. Lakini kifyatulio ni kesi nyingine. Bastola ikifungwa kwenye mashine ya kupimia, kifyatulio chepesi hakibadilishi chochote. Ikishikwa na mtu, kinabadilisha mengi. Wanaopinga huchukua jibu la mashine wakampa mtu.

Hata hivyo nilikuwa na silaha yangu ya mwisho: kukwama. Nilimwambia yule mwenzangu kwamba bastola iliyochezewa ikikwama mara moja tu inakula faida yote ya mwaka. Sentensi ilikuwa tamu mdomoni. Akaniuliza kama nimeipigia hesabu. Sikuwa nimepiga. Nikakaa nayo jioni moja kwa kalamu, nia yangu ikiwa kumwaibisha.

Katika IPSC alama haziko peke yake. Pointi zinagawanywa kwa sekunde. Kwa risasi za nguvu ndogo kama zake, eneo la A, katikati ya shabaha, ni pointi 5, C linalolizunguka ni 3, D la nje ni 1. Tuweke mfano wa raundi ya risasi 24: 18 kwenye A, 6 kwenye C. Hizo ni pointi 108. Akitumia sekunde 21.6, anapata 5.00 kamili. Sasa mpe kifyatulio kizuri, lakini uwe bahili: risasi moja tu ihame kutoka C kwenda A, na muda upungue kwa sekunde 0.4 katika raundi nzima, ambayo haifiki hata sehemu mbili za mia za sekunde kwa kila risasi. Pointi 110 kwa sekunde 21.2 ni 5.19. Amepata 0.19.

Haya, ikwame. Kupiga magazini kwa kiganja, kuvuta gamba, kulenga upya: sekunde 3. Pointi 110 kwa sekunde 24.2 zinampa 4.55. Amepoteza 0.45 ukilinganisha na bastola yake ya zamani. Nikatabasamu. Kisha nikaendelea kuhesabu, na tabasamu likaisha: raundi tatu zisizokwama zinalipa hasara ya raundi moja iliyokwama na kubakiza chenji. Ili piyesi zile zimtie hasara, bastola lazima ikwame mara moja katika kila raundi tatu, yaani kila risasi 70 na kitu. Bastola ya namna hiyo hakuna anayepanda nayo uwanjani. Ameshaigundua mazoezini wiki ya kwanza.

Nikambana zaidi. Nikasema risasi haikuhama hata moja, faida ni zile sekunde 0.4 tu. Inakuwa 5.09 badala ya 5.00, na ikikwama 4.46. Hata hapo ni kukwama mara moja kila raundi saba, risasi 168, ndipo tunatoka sare. Katika mashindano ya ngazi ya dunia, yenye raundi 30, mtu huyu anaweza kukwama mara mbili, mara tatu, akatukanwa na marafiki, na bado akamaliza juu ya pale ambapo bastola isiyoguswa ingemfikisha. Kukwama tunakuona kwa macho, tunakusimulia miezi. Ile 0.09 ya kila raundi haina mlio, basi hakuna anayeisimulia.

Kuna ushahidi mwingine ambao naona hautajwi vya kutosha. Kama piyesi za ndani si kitu, wenye mchezo wenyewe wanaogopa nini? IPSC imetenga daraja la Production kwa bastola za kiwandani zilizo kwenye orodha yake, ikabana mabadiliko, na ikaweka nguvu ya chini kabisa ya kuvuta kifyatulio: kilo 2.27 kwa risasi ya kwanza, au kilo 1.36 kwa kila risasi. Anayetaka kufungua zaidi anakwenda Standard, ambako bastola inatakiwa iingie ndani ya kisanduku cha milimita 225 kwa 150 kwa 45. Hakuna anayejenga ukuta kuzuia kitu kisichofanya kazi.

Na huo utakatifu wa kiwanda, tuupunguze kidogo. Mwaka 2017 SIG Sauer ilitangaza kuwabadilishia wateja kwa hiari vipuri vya ndani vya P320 baada ya wasiwasi kwamba ikidondoka kwa pembe fulani inaweza kufyatuka. Miongoni mwa dawa zao ilikuwa kifyatulio chepesi zaidi kwa uzito wa chuma chenyewe, ili kisijivute bastola inapogonga chini. Orijini imesahihisha orijini. Nakubali kwamba kisa hicho kina ncha mbili: kama wahandisi wa kampuni kubwa waliponyokwa na jambo kama hilo, kijana mwenye bisibisi na video ya dakika kumi anacheza na nini? Hapo sina mzaha. Bastola ikifyatuka bila kukusudiwa, mashindano yamekwisha kwa mpigaji huyo siku hiyo, na hiyo ndiyo adhabu nyepesi kati ya zinazoweza kumpata. Kazi ya kifyatulio ni ya fundi anayejulikana kwa kazi hiyo.

Kanuni nazo zina mtego ambao hesabu yangu haiwezi kuusawazisha. Aliyejiandikisha Production, kisha mizani ikaonyesha kifyatulio kimeshuka chini ya kipimo, anahamishiwa daraja la Open, kwa wenye bastola za darubini na vipunguza teke. Hasara hiyo hailipwi na raundi tatu wala saba. Springi huchoka, iliyopimwa kilo 2.3 Januari si lazima iwe hivyo Julai.

Na hesabu yote imesimama juu ya kitu kimoja: kwamba faida ipo. Anayeanza, ambaye C zake zinatokana na mshiko mbovu na macho yanayokimbilia shabaha inayofuata, atalipia 0.00 na kupokea hatari yote. Wanaomwambia anunue risasi badala ya piyesi wanamwambia ukweli. Kosa lao ni kumpa jibu hilo hilo mtu aliyepiga miaka kumi, ambaye mshiko umekomaa na kilichobaki ni ile milimita moja ya mwisho wa kidole.

Nilimtumia mwenzangu karatasi yangu ya hesabu kwa picha. Hakunicheka, au alinicheka akiwa mbali nisimsikie. Aliniandikia tu anavyofanya: kifyatulio cha fundi hakitoki kamwe, mtutu ni ule ule aliokuja nao, na springi ya nyundo anazo mbili, laini na ya kiwandani. Wiki moja kabla ya mashindano anapiga risasi 200 za sanduku lile lile atakalotumia. Ikigoma hata moja, anairudisha ya kiwandani, na anapiga na kidole kizito kidogo siku hiyo.